Kufuta diski kabla ya kupiga Windows upya

Kompyuta ikichoka, ikijaa virusi au ikikataa kuwaka vizuri, fundi yeyote wa Zanzibar, awe wa Darajani, Mwanakwerekwe au Chake Chake, atakwambia ipigwe Windows upya. Ushauri wenyewe ni mzuri. Tatizo ni kwamba "kufuta diski" ndani ya kazi hiyo ni mambo mawili. Upo ufutaji wa kusafisha uwanja ili mfumo mpya upate pa kukaa, na huo ni wa sekunde chache. Upo pia ufutaji wa kuhakikisha kwamba atakayeishika diski baada yako hasomi chochote. Huo huweza kuchukua saa kadhaa, na njia yake hutegemea aina ya diski. Anayebaki na mashine yake anahitaji wa kwanza tu. Anayeiuza, anayeipa skuli au anayempa mdogo wake aliye chuoni anahitaji wa pili, na wengi hufanya wa kwanza wakidhani wamemaliza.

Kufomati kwa haraka hakuyagusi mafaili yenyewe. Kinachofutwa ni daftari linaloonyesha kila faili lipo wapi. Ni sawa na kubandua namba za nyumba mtaa mzima, huku watu na vyombo vyao vimo ndani vile vile. Programu za bure kama Recuva na PhotoRec hupita nyumba moja moja bila kuhitaji namba, na mtu asiye fundi huweza kuzitumia kwa jioni moja. Huku kwetu jambo hili ni zito kuliko hesabu za duka. Picha za singo na za kumpamba bibi harusi, zilizopigwa chumbani ambamo mwanamme haingii, mara nyingi huishia kwenye kompyuta ya nyumbani au ya mpiga picha. Mashine hiyo ikiuzwa baada ya kufomatiwa haraka haraka, picha zile zimeuzwa nayo.

Ijue diski kabla ya kugusa kitu

Kama Windows bado inawaka, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua ukurasa wa Performance, kisha bonyeza Disk 0. Utaona jina la modeli, ukubwa, na neno HDD au SSD. Kama haiwaki, fungua kifuniko usome kibandiko. HDD ni diski ya sahani za sumaku zinazozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika. Ni nzito mkononi, na ukiisikiliza ina mvumo. SSD haina kinachozunguka. Ile ya inchi 2.5 inafanana kwa umbo na HDD lakini ni nyepesi mno. Ile ya M.2 ni kipande chembamba, mara nyingi cha urefu wa sentimita 8 na upana wa milimita 22. SSD huzungumza na ubao kwa njia mbili, NVMe na SATA: M.2 yenye pengo moja kwenye meno yake kwa kawaida ni NVMe. Yenye mapengo mawili kwa kawaida ni SATA. Tofauti hii utaihitaji mbele, kwa sababu amri zake si moja.

Andika modeli na ukubwa kwenye karatasi. Kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1024, kwa hiyo diski ya GB 128 huonekana kama 119, ya 256 kama 238, ya 500 kama 465, na ya TB 1 kama 931. Ukishafika kwenye skrini nyeusi isiyo na picha wala majina ya folda, namba hizo ndizo macho yako.

Kabla ya kuendelea pima afya ya diski kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Kwa HDD tazama mistari mitatu: 05, C5 na C6. Mstari wa 05 ni idadi ya sekta (vijisehemu vya diski) zilizokufa zikabadilishwa, C5 ni sekta zinazosubiri kuamuliwa, C6 ni zilizoshindikana kabisa. C5 au C6 isipokuwa sifuri, usipoteze muda kupiga Windows juu ya diski hiyo. Toa mafaili yako, kisha nunua SSD. Mstari wa C7 una habari nyingine: ukipanda, lawama mara nyingi ni ya waya au meno ya SATA, si ya diski. Nyumba zilizo karibu na pwani huipata sana kadhia hii kwa sababu chumvi na unyevu hula meno ya shaba. Zima mashine, chomoa, safisha meno kwa spiriti ya isopropili na brashi laini, acha ikauke, kisha pima tena. Diski nyingi zilizohukumiwa kufa zilikuwa na kutu tu.

Toa vyako, na usiiamini D

Hapa ndipo watu wanapolia. Mafaili huhamishwa kutoka C kwenda D, Windows ikapigwa, na D ikapotea nayo. Kwenye laptopu nyingi D si diski ya pili. Ni patisheni ya diski ile ile, yaani chumba cha pili cha nyumba moja, na amri ya kufuta diski hubomoa nyumba nzima. Karatasi yako ikionyesha modeli moja tu, basi una diski moja, hata kama Windows inakuonyesha C, D na E.

Nakili kwenda nje: diski ya USB au kompyuta nyingine. Chukua Desktop, Documents, Pictures, Videos na Downloads ndani ya C:\Users\ na jina lako. Halafu fikiria vinavyokaa nje ya hapo: data ya programu ya hesabu, mafaili ya barua ya Outlook yanayoishia na .pst, fonti za Kiarabu za madrasa, alama za kurasa na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Ukimaliza kunakili, chomeka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue mafaili kumi hivi, picha na video zikiwamo. Kunakili kunaweza kukatika katikati na bado folda ikaonekana imo.

Kuna mambo matatu mengine ya kuandika ukiwa bado na Windows inayowaka. La kwanza ni toleo lake, Home au Pro, na kama imesajiliwa kwa leseni ya kidijitali. Leseni hiyo imefungwa kwenye ubao mkuu wa mashine, haimo kwenye diski. Ukipiga toleo lile lile na kuruka pale panapoulizwa namba ya leseni, itajisajili yenyewe ikipata intaneti. Ukipiga Pro mahali pa Home, haitajisajili. La pili ni ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga mafaili ya diski nzima. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

manage-bde -protectors -get C:

Ikitoka namba ya tarakimu 48, iandike. Kufuta hakuhitaji ufunguo huo, lakini ikiwa Windows itakufa kabla hujamaliza kunakili na ikabidi uichomoe diski, bila tarakimu hizo mafaili hayafunguki kwa fundi yeyote, hata wa ng'ambo. La tatu ni draiva (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia kifaa) za Wi-Fi na za diski za modeli yako. Zipakue kwenye tovuti ya aliyeitengeneza laptopu, uziweke kwenye flashi. Sababu utaiona baadaye.

Kama mashine inavuka bahari kwenda kwa fundi, tuseme kwa boti ya Mkoani kuja Unguja, na tatizo lake ni kioo au chaji, ichomoe diski ubaki nayo. Hakuna ulinzi bora kuliko huo.

Flashi ya kupigia Windows

Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na isiwe na kitu unachokitaka, maana itafutwa. Pakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Faili la ISO la Windows 11 linazidi GB 5, kwa hiyo panga bando lako. Epuka ile flashi inayozunguka mtaani yenye Windows "iliyokwisha sajiliwa". Mtu anafuta diski nzima ili aondoe virusi, kisha anapanda vingine kwa mkono wake. Hata ISO uliyopewa na rafiki ihakiki kwanza:

certutil -hashfile Win11.iso SHA256

Linganisha mstari mrefu utakaotoka na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa Microsoft. Herufi moja ikitofautiana, faili limeharibika au limechezewa.

Tengeneza flashi kwa Rufus, programu ya bure. Itakuuliza aina ya ramani ya patisheni (GPT au MBR) na njia ya kuwasha: kwa mashine za kuanzia takriban 2012 chagua GPT na UEFI. Kwa za zamani zaidi chagua MBR. Kunakili mafaili kwa mkono kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32 hakufai, kwa sababu FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4, na ndani ya Windows 11 faili la install.wim limepita hapo. Windows itaanza kupigwa vizuri kisha itakwambia faili halipo.

Kuhusu toleo: Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (kidonge cha usalama kwenye ubao), RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu za mtumba za kizazi cha nne mpaka cha saba bado ni nyingi. Kwa mashine hizo Linux Mint ni chaguo la heshima kabisa kwa kazi za ofisi, skuli na intaneti, kuliko kulazimisha Windows 11 isiyokubalika.

Umeme

Umeme wa visiwa hivi huvuka bahari kwa waya, wa Unguja ukitokea bara kupitia Fumba na wa Pemba ukitokea Tanga, na kila mtu anajua ukikatika hautoi taarifa. Tazama uniti za TUKUZA (umeme wa kulipia kabla) kabla ya kuanza. Laptopu iwe na betri yenye angalau nusu na chaji ichomekwe. Ile yenye betri iliyokufa ichukulie kama kompyuta ya mezani. Kompyuta ya mezani inataka UPS (betri ya akiba), japo UPS ndogo hubeba dakika chache tu na haitamaliza nayo kazi ya saa tatu.

Ukubwa wa hatari hutofautiana. Umeme ukikatika wakati wa kuandika sifuri kwenye HDD, utaanza upya tu. Ukikatika wakati SSD inajifuta kwa amri ya ndani, diski inaweza kubaki imefungwa kwa nywila. Ukikatika wakati unasasisha BIOS (programu ya ubao mkuu inayoiwasha mashine), mashine nzima inaweza kufa. Siku za masika, mingurumo ikianza, ahirisha.

Kufuta kwa mashine unayobaki nayo

Chomoa kwanza kila diski isiyohusika: ya USB, kadi ya kamera, na ikiwezekana hata diski ya pili iliyo ndani. Hii si hofu ya bure. Mbali na hatari ya kufuta isiyo yake, Windows ikikuta diski mbili huweza kuweka mfumo kwenye moja na patisheni ya kuwashia kwenye nyingine. Miezi sita baadaye unaitoa ile ya pili, na kompyuta haiwaki tena.

Washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwashia: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP, Esc kwa laptopu za Asus. Acer nao hutumia F12 lakini mara nyingi lazima uiruhusu kwanza ndani ya BIOS. Chagua flashi. Kwenye ukurasa wa mwanzo wa lugha, chagua kibodi sahihi. Laptopu zilizotoka Ufaransa zina A mahali pa Q, za Ujerumani zimebadilishana Y na Z, na amri iliyoandikwa kwa kibodi isiyo yake haieleweki. Za Dubai zenye herufi za Kiarabu hazina shida hiyo. Herufi za Kilatini zimo mahali pake pa kawaida.

Sasa bonyeza Shift+F10. Kwenye baadhi ya laptopu ni Shift+Fn+F10. Dirisha jeusi litafunguka. Andika mstari mmoja mmoja:

diskpart
list disk
select disk 0
detail disk

Simama hapo. Amri ya detail disk itakuonyesha jina la modeli. Lilinganishe na karatasi yako, pamoja na ukubwa. Namba 0 haina maana kwamba ndiyo diski ya ndani. Kuna mashine ambazo flashi huchukua 0. Ukiona kitu cha GB 14 au 29, hiyo ni flashi yako. Jina na ukubwa vikilingana, endelea (kwa mashine ya zamani uliyoichagulia MBR, ruka mstari wa convert gpt):

clean
convert gpt
exit

Neno clean halikuulizi swali la pili. Linafuta megabaiti ya kwanza na ya mwisho ya diski, ambamo ramani ya patisheni hukaa, na limekwisha. Funga dirisha, endelea na usakinishaji, chagua ile nafasi tupu na ubonyeze Next bila kuigawa. Windows itakata yenyewe patisheni ndogo za kuwashia na za uokozi. Ukitaka D, itengeneze baadaye, ingawa kwa SSD ya GB 256 hakuna faida ya kuikata vipande.

Kwa mtu ambaye Windows yake bado inawaka na haina virusi, kuna njia isiyohitaji flashi: Settings, System, Recovery, Reset PC, kisha Remove everything, na ndani ya mipangilio yake washa Clean data. Inafaa. Lakini kwa chaguo la Local reinstall inajenga upya kwa kutumia mafaili yaliyomo kwenye diski ile ile, kwa hiyo kwa mashine iliyoambukizwa hatuishauri.

HDD inayotoka mikononi mwako

Utaratibu ni ule ule mpaka detail disk, ila badala ya clean unaandika:

clean all

Hapa kila sekta inaandikwa sifuri. Hakuna asilimia wala saa. Kiashirio kitapepesa tu, na wengi huzima wakidhani imeganda. Piga hesabu kabla. HDD ya kawaida huandika takriban MB 80 mpaka 100 kwa sekunde kwa wastani, kwa hiyo GB 500 huchukua kama saa moja na nusu, na TB 1 kama saa tatu. Kupitia kifaa cha USB 2.0, ambacho hupitisha MB 30 hivi, GB 500 hizo hizo huvuka saa nne. Anza baada ya Isha, weka laptopu juu ya meza ngumu na feni pembeni, si juu ya godoro. Taa ya diski ikiendelea kuwaka, kazi inaendelea.

Ukiwa na flashi ya Linux utaona maendeleo:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL
sudo dd if=/dev/zero of=/dev/sdX bs=4M status=progress

Weka herufi ya diski yako mahali pa X, baada ya kuihakiki kwa modeli. Mwishoni itasema "No space left on device". Hilo si kosa, limefika ukingoni. Kuhakiki:

sudo cmp /dev/zero /dev/sdX

Jibu la "EOF on /dev/sdX" maana yake ni kwamba diski yote ni sifuri. Ikitaja baiti inayotofautiana, kuna mahali hapakuandikwa.

Mara moja inatosha. Kuna programu zinazotoa chaguo la kupitia mara 35. Hilo lilitokana na andiko la Peter Gutmann la 1996 kuhusu diski za enzi ile, na mwenyewe baadaye alieleza kwamba kwa diski za kisasa halina maana. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa 2014 nao uliona kuandika mara moja kunatosha kwa diski za sumaku. Mara 35 kwa TB 1 ni zaidi ya siku nne za umeme bure.

SSD haifutwi kwa kuandikwa

Hapa ndipo mazoea ya HDD yanapodanganya. Ndani ya SSD kuna kidhibiti kinachohamisha maandishi huku na huko ili seli zichakae sawasawa, na kuna akiba ya nafasi ambayo Windows haiioni kabisa. Ukiandika sifuri diski nzima, vipande vya zamani huweza kubaki kwenye akiba hiyo, na wakati huo huo umeichakaza bure. Njia ya haki ni kuiamuru diski ijifute yenyewe.

Anza kutazama ndani ya BIOS, kwa F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP, F1 kwenye ThinkPad. Laptopu nyingi za kiofisi za Dell zina Data Wipe chini ya Maintenance. Za HP zina Secure Erase chini ya Security. Ikiwepo, itumie. Hii ndiyo njia salama kuliko zote kwa asiyezoea amri.

Isipokuwepo, washa kwa flashi ya SystemRescue, ambayo ni Linux yenye zana zote ndani. Kwa NVMe:

nvme list
nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1

Kwa kawaida humaliza chini ya dakika. Kwa SSD ya SATA ni hatua zaidi. Kwanza:

hdparm -I /dev/sdX

Mwishoni mwa maelezo tafuta sehemu ya Security. Ikisema "frozen", BIOS imeifungia diski isipokee amri hiyo. Ilaze kompyuta kwa systemctl suspend, iamshe, tazama tena. Ikisema "not frozen":

hdparm --user-master u --security-set-pass p /dev/sdX
hdparm --user-master u --security-erase p /dev/sdX

Mstari wa kwanza unaipa diski nywila ya muda, herufi p. Wa pili unaifuta na kuiondoa nywila hiyo. Ndiyo maana kukatika umeme katikati huiacha imefungwa. Ikitokea, usiitupe, washa tena kwa flashi ile ile na urudie mstari wa pili kwa nywila ile ile. Kazi hii ifanyike diski ikiwa imechomekwa kwenye ubao wenyewe. Vifaa vingi vya USB havipitishi amri hizi, au huzipitisha nusu.

Kama yote haya yameshindikana na una Windows Pro, washa BitLocker kwa chaguo la kufunga diski nzima, subiri imalize, kisha futa kwa clean. Ufunguo ukipotea, kilichobaki hakisomeki. Si kamili kama diski kujifuta, kwa sababu vipande vya zamani vilivyo kwenye akiba havikufungwa, lakini ni bora mara nyingi kuliko kufomati.

Panapokwama

Diski haionekani kabisa kwenye ukurasa wa kusakinisha, na mashine ni Intel ya kizazi cha 11 au baada yake: hiyo kwa kawaida ni VMD, mpangilio wa Intel wa kusimamia diski ambao Windows inahitaji draiva yake. Bonyeza Load driver uelekeze kwenye ile folda ya draiva ya diski uliyoiweka kwenye flashi, ikiwa imefunguliwa, si faili la zipu. Kuzima VMD ndani ya BIOS nako husaidia, maadamu hakuna mfumo wa zamani unaotaka kuubakisha.

Ukiambiwa diski ina jedwali la MBR na Windows haikubali, hukuandika convert gpt. Rudi, clean, convert, endelea. "Write protected" hujibiwa kwa attributes disk clear readonly ndani ya diskpart. Ujumbe wa "I/O device error" ni habari mbaya zaidi: safisha meno, badilisha waya, jaribu mara moja zaidi. Ukirudi, diski inakufa na haitaandikika yote. Kama ilikuwa na siri, itoboe kwa drili mahali kadhaa kupitia sahani zake. SSD haitoshi kutobolewa popote. Vile vidonge vyeusi vya kumbukumbu kimoja kimoja ndivyo vya kuvunja. Usiichome moto.

Windows 11 imefika kwenye kuulizia intaneti na Wi-Fi haipo, kwa sababu draiva haimo. Ndiyo ile uliyoipakua mapema. Ikiwa hukuipakua, unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe USB tethering. Windows huitambua bila draiva. Baada ya kuingia, nenda kwenye mipangilio ya mtandao huo na uwashe Metered connection mara moja, la sivyo masasisho yatalimaliza bando kabla hujafungua ukurasa mmoja.

Na ikiwa, baada ya kufuta vizuri na kupiga Windows safi, unatokea ukurasa wenye nembo ya kampuni ukitaka barua pepe ya kazini, ujue laptopu hiyo ya mtumba bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani huko Microsoft kwa utambulisho wa vyuma vyake. Diski haihusiki. Ni kampuni hiyo tu inayoweza kuiachia. Vivyo hivyo kwa nywila ya BIOS. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mtake muuzaji aipige upya mbele yako na kuiunganisha kwenye intaneti mpaka ifike kwenye kutengeneza akaunti.

Mashine unayoiuza usiimalizie wewe. Ikishapigwa na kufika kwenye ukurasa wa kuchagua nchi, bonyeza Shift+F10, andika:

shutdown /s /t 0

Itazimika hapo hapo, na mnunuzi akiiwasha ataanza kwa kuandika jina lake mwenyewe.